Malaika wa Kwenye Gemu Wametoka Wapi?

Ijumaa iliyopita ugomvi ulizuka bwenini kwetu. Kisa? Gemu. Kaka mmoja wa Mombasa alikuwa anacheza Bayonetta, ile ya Wajapani ya mwaka 2009, ambayo wewe mchezaji ni mchawi na kazi yako ni kuwachakaza malaika. Dada mmoja wa Mbeya akamwambia azime, hiyo ni kufuru. Jamaa akajibu eti ni katuni tu. Basi mpaka saa saba usiku watu wanabishana, Mkristo kwa Mwislamu, na pilau imepoa.

Mimi niko upande wa dada, ila nusu tu. Sio siri, malaika wamegeuzwa bidhaa. Kwenye Diablo III ya 2012, ambapo unajivika mhusika na kumkuza kwa mapigano, malaika wamevaa chuma na chini ya kofia hamna uso, giza tupu. Kwenye ULTRAKILL, gemu ya risasi iliyoanza kuuzwa 2020, unamtwanga Gabrieli mwenyewe. Sisi tuliolelewa kulitaja jina hilo kwa heshima, lazima ituchome kidogo. Asiyechomwa namshangaa.

Lakini huu ubishi wa dhambi-si-dhambi unatuficha jambo kubwa zaidi. Mnaijua El Shaddai? Ilitoka Japani 2011, chini ya Sawaki Takeyasu. Henoko, ambaye Waislamu wengi wanamtambua kuwa ni Nabii Idrisa, anatumwa kuwakamata malaika walioasi ili dunia isiangamizwe kwa gharika. Ukipigwa, deraya inavunjika vipande vipande mpaka unabaki na suruali ya jinzi. Ndiyo, jinzi! Na Lucifel anaongea na Mungu kwa simu ya mkononi. Vituko, lakini kwa macho ni gemu nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuona.

Sasa hadithi yenyewe imetoka kwenye Kitabu cha Henoko. Makanisa mengi yalikiacha zamani. Vipande vilibaki kwa Kigiriki na Kiaramu, ila kitabu kizima kilitunzwa na Wahabeshi, kwa lugha ya Ge'ez, na kwa Kanisa la Orthodox la Ethiopia kimo ndani ya Biblia hadi leo. Mskoti James Bruce alirudi Ulaya na nakala zake 1773, na tafsiri ya Kiingereza ya Richard Laurence ikatoka Oxford 1821. Yaani bila watawa wa Ethiopia kunakili kwa mkono karne baada ya karne, hao Wajapani wangetengeneza nini? Halafu kwenye gemu Henoko ana nywele za dhahabu kama mcheza sinema wa Hollywood!

Wajapani siwalaumu. Wao walisoma, wakatengeneza. Sisi wa kompyuta tuliojaa humu chamani tumesoma nini cha kwetu? Na msiniambie haiwezekani: Kiro'o Games ya Cameroon ilitoa Aurion mwaka 2016, gemu ya mapigano iliyojengwa juu ya ngano za Kiafrika.

Ile Ijumaa kaka yetu wa Addis Ababa alikuwepo, amekaa pembeni na sahani yake, kimya. Kesho yake nikamuuliza kama anamjua Henoko.

"Tangu utotoni," akasema. "Jana hamkuniuliza."