Mchezo wa maisha uachiwe saa yake

Tangu The Sims, mchezo wa kompyuta wa kuendesha maisha ya wahusika wa kubuni, uliobuniwa na Will Wright wa kampuni ya Maxis, uingie sokoni mwaka 2000, wapenzi wake wengi wamekuwa na ombi lisilokwisha: waishi na wenzao katika mtaa mmoja kupitia intaneti, kila mtu na nyumba yake. Mwaka 2022 wamiliki wake, EA, walitangaza mradi uitwao Rene, ambao baadaye waliueleza kuwa wa kuchezwa na watu pamoja. Kwa anayetaka mchezo mpya wa aina hiyo, sawa. Lakini kuuchukua mchezo wa maisha uliojengwa kwa ajili ya mtu mmoja na kuulazimisha uwe wa watu wengi ni kosa, na sababu yake kubwa ni saa.

Mchezaji wa The Sims ndiye mwenye saa. Huisimamisha akatafakari chumba cha mtoto akijenge upande gani. Mhusika akilala, huikimbiza na usiku ukapita upesi. Katika matoleo ya baadaye mtoto anakua, anaoa, anazeeka, kwa mwendo aliouchagua mtu mmoja. Sasa waingie wawili: mhusika wa huyu amelala, wa yule ndiyo kwanza anabandika sufuria jikoni. Nani aikimbize saa? Stardew Valley, mchezo wa shambani uliotengenezwa na Eric Barone, ulipofunguliwa kwa wachezaji wengi mwaka 2018, ulilijibu swali hilo kwa gharama: mkicheza pamoja, kufungua begi lako hakusimamishi saa kama unapocheza peke yako, na siku haifungwi mapema mpaka wote waende kulala. EA nao walikwisha kujaribu. The Sims Online ilianza Desemba 2002, saa yake ikienda yenyewe na wahusika wasiozeeka. Kilichobaki kikawa watu kukusanyika kurudia kazi zilezile ili wachume fedha za mchezo. Ilifungwa Agosti 2008, na nyumba zilizojengwa humo zikatoweka, kwa kuwa zilikaa kwenye seva za kampuni na si kwa waliozijenga.

Hapo ndipo jambo hili linapomgusa kijana wa Kibimba mkoani Kagera kuliko linavyomgusa wa Chicago. Mchezo ulio ndani ya kompyuta yake unamdai umeme tu. Ukihamia mtandaoni unamdai bando, mnara ulio hai na seva iliyo nchi nyingine. Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu, intaneti ilizorota Tanzania nzima, mijini na vijijini. Na si mtandao wa Afrika pekee unaoshindwa. SimCity ya Machi 2013, mchezo mwingine wa EA uliolazimisha kila mchezaji aunganishwe na seva, uliwakwamisha hata wanunuzi wa Marekani kwa siku kadhaa, kwa sababu seva zilielemewa. Mwaka uliofuata EA ikaruhusu uchezwe bila intaneti.

Wapo watakaosema kwamba mchezo wa mtu mmoja unamfungia kijana chumbani, na kwamba sisi ni watu wa kucheza pamoja, bao likiwa shahidi. Wasiwasi wa upweke nauheshimu. Ila bao lilizaliwa la wawili: kila mmoja ana zamu yake, na anayefikiri husubiriwa. Tena waliozunguka ubao, wanaoshauri na kubishana, nao wamo mchezoni bila kugusa kete. Ndivyo The Sims inavyoweza kuchezwa hata leo, mmoja akishika kipanya na wengine wakiamua nani aolewe na nani. Ushirika wa namna hiyo hauhitaji seva.

Hoja yenye uzito zaidi ni Stardew Valley yenyewe, maana ilifanikiwa. Kweli, lakini shamba la mtu mmoja halikuguswa: wageni ni hiari, na asiyewataka anaendelea kulima peke yake bila intaneti. EA ikikubali masharti hayo, yaani nyumba ihifadhiwe kwenye kompyuta ya mwenyewe, saa yake isimame anapotaka, na mlango wa wageni ufunguliwe na kufungwa kwa mkono wake, sitakuwa na sababu ya kupinga. Isipokubali, mashabiki wasiununue mchezo huo.