Afya na Chakula: Ghala la Mkimbiaji

Wahenga walisema, "Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza." Maana yake ni kwamba shibe humlevya mtu hata akajisahau, nayo njaa humlegeza viungo hata asiweze kazi. Mithali hii yawafaa watu wote, lakini yawafaa zaidi vijana watakao kushinda katika mbio. Kiwanja cha michezo hakina huruma. Hudhihirisha mbele ya watu jinsi mtu alivyokula, alivyokunywa na alivyolala siku nyingi kabla ya siku ile.

Tazama jambo lionekanalo mara nyingi siku ya mashindano, huko Kitui na Makueni. Kijana ameamka alfajiri, jana usiku alikula kidogo tu, akatembea maili kadha mpaka barabarani, akanywa kikombe cha chai na andazi moja. Kisha akangoja juani bila maji hata saa nane mchana, ndipo filimbi ya mbio za mita 10,000 ikapigwa. Mizunguko kumi ya kwanza yuko mbele, na watu wa kwao wanamshangilia. Wa kumi na sita, miguu yamwia mizito kama mawe. Wa ishirini, wenzake wampita mmoja mmoja. Jioni watu wasema hana moyo, na wengine wanong'ona kwamba amerogwa. Kumbe moyo anao, wala hakurogwa. Ghala lake lilikuwa na upungufu tangu asubuhi.

Yafaa kueleza ghala hilo ni lipi. Vyakula vya wanga, kama ugali, uji, viazi na muhogo, visagikapo tumboni hugeuka kuwa sukari. Damu huichukua sukari hiyo, na ile isiyotumika mara moja huwekwa akiba katika ini na katika misuli. Akiba hii wataalamu huiita glaikojeni. Mtu akimbiapo, misuli huichoma akiba hiyo kama jiko lichomavyo makaa. Mkimbiaji aliyekula vema anaweza kufika kiasi cha kilomita 30 kabla haijamwishia. Kwa hiyo katika mbio za marathoni, ambazo ni kilomita 42 na mita 195, wengi hushindwa karibu na kilomita ya 30. Tena ghala hilo halijazwi kwa chakula cha asubuhi moja tu. Hujazwa kwa milo ya siku moja au mbili, pamoja na kupumzika.

Pamoja na chakula ni maji. Mtu wa kilo 60 akipoteza kwa jasho lita moja na zaidi kidogo, tayari amepungukiwa na sehemu mbili katika mia za uzito wake, na mbio zake huanza kulegea. Katika nchi yenye jua kali kama Ukambani, maji hayo hupotea upesi, hata kwa mtu aliyeketi tu akingojea zamu yake. Mwenye busara hunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, wala hangoji kiu imkaushe koo.

Wako wasemao kwamba mbio ni za watu wa milimani tu, wenye kuvuta hewa nyepesi ya Iten, mahali palipo juu ya bahari kiasi cha mita 2,400. Hapana shaka kwamba milima husaidia. Lakini Benson Masya alizaliwa Kitui, nchi ya chini zaidi na yenye ukame, mwaka 1970. Alianza kwa mchezo wa ndondi, kisha akageukia mbio. Mwaka 1992 alikwenda Newcastle, Uingereza, akashinda mbio za kwanza kabisa za ubingwa wa dunia za nusu marathoni. Marathoni ya Honolulu aliishinda mara tatu, 1991, 1992 na 1994. Alifariki mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 33 tu. Katika nchi jirani ya Machakos alitoka Cosmas Ndeti, aliyeshinda marathoni ya Boston miaka mitatu mfululizo, 1993 hata 1995. Wa huko huko pia ni Patrick Makau, ambaye mwaka 2011 mjini Berlin aliweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Basi mtoto wa Ukambani asiambiwe kwamba nchi yake haizai wakimbiaji.

Je, mkimbiaji hodari hula nini? Wengi hudhani hula nyama tele, mayai kwa dazeni na vyakula vya bei ghali. Wataalamu walipima chakula cha wakimbiaji kumi hodari wa Kenya kwa siku saba, na matokeo yakatangazwa mwaka 2004. Ilionekana kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu waliyoipata kwa chakula ilitokana na wanga. Ugali peke yake uliwapa karibu robo ya nguvu yote, na sukari, ambayo nyingi hutiwa katika chai, kiasi cha sehemu moja katika tano. Mafuta yalikuwa machache. Chakula chao, basi, ni kile kile kipikwacho katika nyumba ya mkulima. Tofauti ni kwamba wao walikula kwa wakati wake, wakafanya mazoezi kila siku, na wakapumzika baada ya mazoezi.

Mkulima wa Kitui na Makueni ana jambo jingine la kumshukuria mama yake, nalo ni isyo, yaani mahindi yaliyochemshwa pamoja na kunde, mbaazi au maharagwe. Mahindi peke yake hayatoshi kuujenga mwili, kwa sababu yana uchache wa kitu kimoja kiitwacho laisini, ambacho misuli hukihitaji. Kunde na mbaazi zinacho kwa wingi, nazo hupungukiwa na kitu kingine ambacho mahindi yanacho. Viwili hivi vikikutana chunguni, kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Mababu hawakuwa na vyombo vya kupimia, lakini chungu chao kilikuwa sahihi. Kijana aonaye haya kula isyo mbele ya wenzake, akanunua mkate mweupe na soda, amebadili chakula cha kujenga mwili kwa kitu cha kumdanganya njaa.

Tena mtama, mawele na pojo hustahimili ukame kuliko mahindi, nazo zina madini ya chuma, ambayo damu huyatumia kuchukua hewa hadi misulini. Mkimbiaji mwenye upungufu wa damu huhema upesi hata akiwa na mapafu mazuri. Wasichana wahitaji kuangaliwa zaidi, kwa kuwa wao hupoteza damu kila mwezi. Hapa pana kosa moja dogo litendwalo karibu kila nyumba: chai hunywewa pamoja na chakula. Chai huzuia chuma cha nafaka na kunde kisiingie mwilini. Afadhali inywewe saa moja au mbili baada ya kula, na mahali pake pashikwe na embe, chungwa au papai, matunda ambayo husaidia chuma hicho kuingia. Makueni ni nchi ya maembe na machungwa; haifai yaozee chini ya mti huku watoto wakipungukiwa na damu.

Lakini hata chakula kizuri chaweza kuwa sumu kikiwekwa vibaya. Mwaka ule ule wa 2004, ambao dunia ilisoma sifa za ugali wa wakimbiaji wa Kenya, wilaya za Makueni na Kitui zilikuwa katika msiba. Watu waliugua wakawa na macho ya manjano, matapishi na maumivu ya tumbo. Wagonjwa waliohesabiwa walifika 317, na 125 kati yao wakafa. Wengi wao walikuwa wa wilaya hizo mbili. Hapakuwa na uchawi wala tauni. Mahindi yaliwekwa yangali na unyevu, mengine ndani ya nyumba zisizopitisha hewa, yakaota kuvu, na kuvu hiyo ikatoa sumu iitwayo sumukuvu.

Sumukuvu hulishambulia ini, na ini ndilo ghala lile lile ambamo mwili huweka akiba yake. Kwa hiyo mtu asiyeliangalia ghala la mahindi alihatarisha pia ghala lililo ndani ya mwili wake. Hata ikiwa kidogo isiyoua upesi, sumu hii ikiliwa miaka mingi yaweza kuleta kansa ya ini. Kuchemsha hakuiondoi. Kutwanga muthokoi na kuondoa ganda hupunguza sehemu yake, lakini hakuimalizi. Wala mahindi yaliyooza asipewe ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu hupita katika maziwa ikamrudia mtoto.

Kinga yake haina gharama kubwa. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au mkeka, yasilazwe juu ya udongo mtupu. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Punje zenye kuvu au zilizobadilika rangi zichambuliwe na kutupwa. Na kama mtu ana shaka, iko njia ya kupima. Mahindi kidogo hutiwa katika chupa kavu pamoja na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, chupa hufungwa na kutikiswa, kisha huachwa kwa robo saa. Chumvi ikigandamana na ubavu wa chupa, mahindi bado yana unyevu, na yarudishwe juani. Isipogandamana, yaweza kuwekwa ghalani.

Baada ya chakula, zatazamwa desturi. Kijana aweza kula vema mwaka mzima, kisha akaharibu kazi yote kwa usiku mmoja. Pombe humtoa mtu maji mwilini, huharibu usingizi wake, na huchelewesha misuli kupona baada ya mazoezi. Pombe haramu ni mbaya zaidi: mwezi wa Mei 2014, pombe iliyotiwa sumu ya methanoli iliua watu wengi katika sehemu kadha za Kenya, na Ukambani haukusalimika. Muguka na miraa nazo huondoa hamu ya kula na hufukuza usingizi. Zaidi ya hayo, zina kathinoni, ambayo ni miongoni mwa vitu vilivyokatazwa siku ya mashindano na sheria za kimataifa za michezo. Mwenye kutafuna ili apate ujasiri aweza kushinda mbio, kisha akanyang'anywa ushindi.

Usingizi nao ni sehemu ya mazoezi. Mwili haupati nguvu wakati wa kukimbia. Wakati huo huchoka na kuumia kidogo kidogo. Nguvu hujengwa mtu alalapo. Kijana akeshaye mpaka usiku wa manane huku akitazama simu yake, kisha akaamka saa kumi na moja kwenda kukimbia, hubomoa bila kujenga.

Hata sasa imesemwa habari ya njaa zaidi, lakini mithali ilitaja na shibe. Karani aketiye ofisini kutwa, apandaye pikipiki kwa safari ya nusu maili, na alaye chapati, chipsi na chai yenye vijiko vinne vya sukari, asidhani kwamba anakula chakula cha wakimbiaji. Wao waila sukari wakaichoma njiani. Yeye huila ikabaki kiunoni. Uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la damu, na wengi wao hawakujua. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima atembee kwa haraka, au afanye zoezi la namna hiyo, kwa muda usiopungua dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Na chumvi yote ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai. Karani ashukapo nusu saa kabla ya kufika ofisini akamalizia safari kwa miguu, amejipatia dawa isiyouzwa dukani.

Basi na turudi kwa yule kijana wa mita 10,000. Safari nyingine alale mapema siku mbili kabla ya mashindano, na jioni ale isyo au ugali na kunde hata ashibe kwa kiasi. Siku yenyewe, saa tatu au nne kabla ya mbio, ale uji mzito na viazi vitamu, aache vyakula vya mafuta mengi. Achukue chupa ya maji safi, akae kivulini. Mbio zikiisha, asikae na njaa mpaka usiku. Anywe uji wenye maziwa na ale ndizi upesi, ili ghala lianze kujaa tena.

Huenda asiwe Masya, wala si lazima awe. Lakini mzunguko wa ishirini utamkuta angali na nguvu, na watu wa kwao hawatakuwa na haja ya kumtafuta mchawi. Na mama yake, aliyeanika mahindi vema na kuyapima kwa chumvi tangu mavuno, ana sehemu yake katika ushindi huo.