Wanawake wa Kiebrania Nao Walikuwa na Wakunga

Kuna sala moja iliyoenea katika mikesha na mikutano ya maombi ambayo tunataka kuipinga hadharani. Mama mjamzito huitwa mbele, huwekewa mikono, na hutamkiwa kwamba atajifungua kama wanawake wa Kiebrania na kwamba kisu hakitamgusa kwa jina la Yesu. Kusanyiko husema Amina. Mama hurudi kwenye benchi akiwa ametiwa moyo. Lakini ikiwa mtoto wake amekaa vibaya tumboni, ametanguliza matako badala ya kichwa, Amina ile imemfungia mlango ambao Mungu alikuwa amemfungulia. Siku daktari atakapomtajia upasuaji, atayasikia maneno hayo kama hukumu juu ya imani yake. Ataomba apewe siku mbili zaidi za kufunga na kuomba. Huku kwetu Kibiti, na zaidi kule delta ya Rufiji, siku mbili ni nyingi mno.

Tunasema kwa upendo, lakini tunasema wazi: kumwombea mama ni wajibu wetu, kumzuia asipate upasuaji kwa jina la imani ni kuivunja Amri ya Tano.

Maandiko yanasema nini

Tuanze na Maandiko, kwa kuwa ndiyo yanayotumiwa. Habari ya wanawake wa Kiebrania kuzaa upesi iko katika Kutoka 1:19. Wanaosema ni Shifra na Pua, wakunga wawili, na wanamjibu Farao aliyewaagiza wawaue watoto wa kiume. Ni maneno ya wanawake jasiri, waliomcha Mungu, wakitafuta namna ya kuwaokoa watoto mbele ya muuaji. Si ahadi kwamba mwanamke mwenye imani hatapata shida ya uzazi. Na tuangalie jambo ambalo wahubiri wengi hulipita: wasemaji wenyewe ni wakunga, na mstari unaofuata unasema Mungu aliwatendea mema. Anayelitumia andiko hili kumweka mama mbali na mkunga amelipindua juu chini.

Tena, Raheli mke wa Yakobo alikufa njiani kuelekea Efrathi kwa uzazi mgumu, mkunga akiwa kando yake akimtia moyo (Mwanzo 35:16-19). Nani kati yetu atathubutu kusema Raheli hakuwa na imani ya kutosha? Na Tamari, katika Mwanzo 38, alipata uchungu wa mapacha, na kilichotangulia kutoka kilikuwa mkono. Mkunga aliufunga uzi mwekundu, mkono ukarudi ndani, akatoka kwanza mwenzake. Watoto hao ni Peresi na Zera, na Mathayo amewaandika wote wawili, pamoja na mama yao, katika ukoo wa Bwana wetu (Mathayo 1:3). Basi katika nasaba ya Mwokozi kuna mtoto aliyeanza kuja vibaya. Anayesema kwamba mlalo mbaya wa mtoto ni alama ya laana na aueleze kwanza ukoo wa Kristo.

Na Tamari alikuwa ameshitakiwa uzinzi. Yule aliyetaka achomwe moto ndiye aliyekiri mwisho kwamba mwanamke huyo ana haki kuliko yeye. Tunalisema hili kwa sababu kuna nyumba, za Wakristo na za wasio Wakristo, ambamo mama akiwa katika uchungu mkali huambiwa ataje mwanamume aliyetembea naye ili mtoto apate kutoka. Wengine huambiwa wamewakosea wakwe, au wamerogwa. Wanafunzi walimwuliza Yesu swali la namna hiyo hiyo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu: ni nani aliyetenda dhambi? Bwana alilikataa swali lenyewe (Yohana 9:1-3). Nasi tulikatae. Mwaka 1542 Martin Luther aliandika waraka mfupi wa faraja kwa wanawake ambao uzazi wao haukwenda vema. Aliagiza wasitishwe wala wasilaumiwe, na akafundisha kwamba kuugua kwao, hata wasipoweza kutamka neno, Mungu hukupokea kama sala. Huo ndio urithi wetu Walutheri. Kumhoji mama kitandani si urithi wetu.

Tujue tunachokiombea

Asiyejua jambo huliombea vibaya. Mimba ikiwa na wiki 28 hivi, mtoto mmoja kati ya wanne au watano huwa ametanguliza matako. Kuanzia wiki ya 37 hubaki watatu au wanne tu kati ya 100. Maana yake wengi hugeuka wenyewe, kwa jinsi Muumba alivyoweka. Kwa hiyo dada akishuhudia kwamba aliombewa mimba ikiwa ya miezi saba na mtoto akageuka, tumshukuru Mungu pamoja naye, maana hata kugeuka kwa kawaida ni kazi ya mikono yake. Tusichoruhusiwa ni kuufanya ushuhuda huo kuwa kipimo cha dada mwingine ambaye mtoto wake hakugeuka.

Kwa nini wengine hawageuki? Wakati mwingine ni mapacha, au maji ya uzazi ni mengi au machache mno, au kuna uvimbe katika mfuko wa uzazi, au kondo la nyuma limekaa chini na kuziba njia. Mara nyingi sababu haionekani. Katika orodha hiyo hakuna uzinzi wala ugomvi na mama mkwe.

Hatari yake ni ipi? Mtoto akitanguliza kichwa, sehemu iliyo kubwa na ngumu hupita kwanza na kufungua njia. Akitanguliza matako au miguu, mwili unaweza kutoka na kichwa kikabaki nyuma, na hapo zinazohesabiwa ni dakika. Kitovu nacho kinaweza kutangulia na kubanwa, mtoto akakosa hewa. Haya hayamsubiri mtu akatafute boti.

Njia zilizopo ni tatu. Ya kwanza ni mtoto kugeuzwa kwa mikono juu ya tumbo, yapata wiki ya 37, na mtaalamu aliyefundishwa, hospitalini penye chumba cha upasuaji. Hufaulu kwa karibu nusu ya wanaojaribiwa, wala si kila mama anafaa. Hili lisichanganywe na kuchuliwa tumbo nyumbani. Kulisukuma tumbo bila kujua kondo liko wapi kunaweza kulibandua, mama akatokwa damu. Ya pili ni upasuaji uliopangwa kabla uchungu haujaanza. Ya tatu ni kujifungua kwa njia ya kawaida, kwa mama aliyepimwa na kuonekana anafaa, mikononi mwa mtu mwenye ujuzi huo, na chumba cha upasuaji kikiwa jirani.

Mwaka 2000 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 26 kwa wanawake zaidi ya 2,000. Ulionyesha kwamba upasuaji uliopangwa ulikuwa salama zaidi kwa mtoto aliyetanguliza matako. Baadaye wataalamu walikumbushana kwamba penye uteuzi mzuri na mikono yenye uzoefu, njia ya kawaida bado inafaa kwa baadhi. Kwa hiyo hatusemi kila mama apasuliwe. Upasuaji una gharama zake: huacha kovu, na mimba zinazofuata mama huyo hapaswi kujifungulia nyumbani wala mbali na chumba cha upasuaji, kwa kuwa kovu linaweza kufumuka. Familia ya kisiwani ilijue hilo mapema. Tunalosema ni kwamba uamuzi ni wa mama na wataalamu wanaomhudumia. Hakuna njia kati ya hizo iliyo takatifu kuliko nyingine, na aliyezaa kwa kisu si mama nusu.

“Bibi zetu walizaa bila kisu”

Pingamizi hili tunalisikia kila mara. Ni kweli walizaa. Ni kweli pia kwamba walizika. Waulizeni wazee wahesabu watoto waliozaliwa na watoto waliokua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Katika kipindi hicho hicho, wanaojifungulia katika vituo vya afya walipanda kutoka 63 hadi 81 kati ya kila 100. Je, Mungu hayumo katika hesabu hiyo? Sisi tunaamini yumo. Luther alipoandika mwaka 1527 juu ya tauni, aliwakemea waliodharau dawa wakidhani ni imani, akasema wanamjaribu Mungu, kwa kuwa dawa na akili ya kuzitumia vimetoka kwake. Na kanisa lililojenga hospitali za Machame, Bumbuli, Ilembula na Haydom litahubirije kwamba chumba cha upasuaji ni mahali pa wasioamini?

Kila aliyepata kipaimara alijifunza maana ya Amri ya Tano katika Katekisimu Ndogo. Haiishii kutoshika panga. Inatutaka tumsaidie jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Amri hiyo huvunjwa pia na mtu aliyekaa kimya, na mtu aliyesema Amina mahali pasipostahili.

Maji yakikupwa

Sasa tuje kwenye delta, maana hapa ndipo fundisho baya linapoua upesi. Delta yetu ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote Afrika Mashariki, na watu wake wa Salale, Mbuchi, Msala, Maparoni na Kiongoroni husafiri kwa mtumbwi na boti. Hospitali, kama zile za Mchukwi na Utete, ziko bara. Maji yakikupwa, vijito hubaki tope, na chombo hukaa hapo mpaka yajae tena. Usiku ni giza na mikoko. Wakati wa mafuriko, kama yale ya Aprili 2024 yaliyoingia mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, hata aliye bara hupata shida kufika barabarani. Serikali imeweka mfumo wa M-mama, unaoitwa kwa simu ya bure 115, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Kila nyumba yenye mjamzito iijue namba hiyo. Lakini simu haijazi maji kijito kilichokupwa.

Huku kwetu, basi, mtoto aliyetanguliza matako hashughulikiwi siku ya uchungu. Anashughulikiwa wiki ya 36. Wazee walisema kawia ufike, lakini methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya mama huyu. Yeye akikawia hafiki. Kuanzia wiki hiyo mama aulize kila aendapo kliniki: mtoto amelalaje? Mkunga akiwa na shaka, apelekwe kwenye altrasaundi. Ikithibitika, avuke mapema, akakae karibu na hospitali mpaka siku yake. Na hapo ndipo mambo hukwama, kwa sababu za kawaida kabisa: mume yuko dago, pesa ya mafuta ya boti hakuna, bara hana ndugu wa kumpokea, na nyumbani hakuna wa kubaki na watoto wakubwa. Sala ya kukataa kisu hustawi sana mahali kama hapa, kwa kuwa haigharimu kitu.

Sisi tunataka sala inayogharimu. Katika Marko 2 watu wanne walimchukua mwenzao aliyepooza, wakapanda darini, wakaitoboa dari ya mwenye nyumba. Maandiko yanasema Yesu aliiona imani yao, nayo ilionekana kwa kazi ya mikono yao. Kwa hiyo tunayadai haya kwa kila usharika na mtaa wa ukanda huu.

Kwanza, wachungaji, wainjilisti na viongozi wa maombi waache kutamka juu ya mama neno lolote linalomfungia njia ya tiba. Pili, kila usharika ulio karibu na hospitali utenge chumba, hata kimoja, cha mama wa delta na mtu wake wa kumsindikiza. Nyumba ya mwinjilisti, au ya mzee wa kanisa ambaye watoto wake wameshaondoka, inatosha kuanzia. Tatu, idara ya diakonia iwe na mfuko mdogo wa nauli na mafuta. Tunaochangishana kwa ajili ya vipaza sauti hatushindwi na galoni za petroli. Nne, wanaume wachangie damu, maana hakuna upasuaji salama pasipo damu akibani. Tano, mume afanye uamuzi pamoja na mkewe kabla ya kwenda dago, asiache neno la mwisho kwa mtu asiyepatikana kwa simu.

Na hayo yote yafanyike bila kuuliza dini. Wengi wa jirani zetu huku ni Waislamu, na wengi wetu tulikuja kama wageni, walimu, wauguzi na wafanyabiashara, wakatupokea. Msamaria hakumwuliza majeruhi anasali wapi.

Je, tuache kuombea wajawazito? Hasha. Tuwaombee zaidi, tena kwa majina. Tumwombee mama amani na nguvu, mkunga mikono myepesi, daktari akili tulivu, nahodha maji ya kutosha. Tumwombe Mungu amgeuze mtoto ikimpendeza, na asipomgeuza ampitishe salama kwa njia yoyote atakayoifungua. Kisha, tukishasema Amina, mmoja wetu ainuke akaulize boti inaondoka saa ngapi.