Mali ya Nyumbani: Hisa Zilizoshikamana na Windows

Barua tunayoijibu mwezi huu imetukalia mezani kwa siku nyingi, na kuchelewa kwetu hakukuwa kwa uvivu. Mwandishi wake ni kijana aliyefiwa na baba. Marehemu ameacha fedha kidogo, na kijana huyu, kwa kuwa ndiye mkubwa, ndiye azishikaye, pamoja na mafungu ya wadogo zake wawili ambao bado hawajabaleghe. Rafiki yake amemshauri azitie zote katika hisa za makampuni ya kompyuta ya Marekani. Hoja ya rafiki ni moja tu: kompyuta nyingi za mezani zaendeshwa na Windows, basi mwenye Windows, na wote walioshikamana naye, hawaanguki. Kijana atuuliza kama maneno haya ni ya kweli.

Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo yenye hatari.

Kompyuta isiyo na programu kuu ya kuiamrisha ni sanduku tu. Programu hiyo ndiyo iitwayo mfumo endeshi. Kampuni ya Microsoft iliasisiwa mwaka 1975 na Bill Gates na Paul Allen. IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo mwaka 1981, Microsoft ndiyo iliyoipatia mfumo endeshi, na wala asili yake haikuwa kwao. Waliununua kwa kampuni ndogo ya mji wa Seattle. Werevu wao ulikuwa kwamba hawakuiuzia IBM haki zote, bali walibaki na ruhusa ya kuwauzia na wengine. Hao wengine wakaja makundi kwa makundi, wakaunda kompyuta za mfano ule ule, na kila mmoja akalipa. Windows ikafuata mwaka 1985, na ilipotoka Windows 95, Agosti 1995, hapakuwa tena na mshindani wa kutajika.

Hisa za Microsoft zilianza kuuzwa hadharani tarehe 13 Machi 1986, kwa dola 21 moja. Hadi mwisho wa 1999 zilikuwa zimegawanywa mara nane, hata aliyekuwa na hisa moja akajikuta ana 144, na thamani yake yote ikipita dola 16,000. Hapana shaka rafiki wa kijana wetu amekisikia kisa hiki, na aghlabu hiki ndicho pekee kisimuliwacho barazani.

Walakini tuwatazame wale walioshikamana. Tuwafananishe na wapangaji katika nyumba ya mtu. Lotus ilikuwa na programu ya hesabu iliyotoka mwaka 1983, na maofisi mengi yalinunua kompyuta kwa ajili yake. Windows ilipoenea, Lotus ilichelewa kuhamia, na mwenye nyumba mwenyewe alikuwa na programu yake ya hesabu, Excel. Mwaka 1995 Lotus ikanunuliwa na IBM. Mwaka huo huo, tarehe 9 Agosti, hisa za Netscape, watengenezaji wa kivinjari cha intaneti, ziliuzwa mara ya kwanza kwa dola 28, na jioni ya siku ile zilikuwa zimepita dola 58. Watu wakapiga vifijo. Microsoft ikatoa kivinjari chake bila malipo, ikakitia ndani ya Windows, na mwezi wa Novemba 1998 ikatangazwa kwamba Netscape yanunuliwa na AOL. Mpangaji hana la kusema mwenye nyumba akifungua duka kama lake ukumbini, tena akigawa bure.

Serikali ya Marekani ndiyo iliyosema. Ilishitaki Mei 1998, na tarehe 3 Aprili 2000 hakimu akahukumu kuwa Microsoft imevunja sheria ya ushindani. Siku ile moja hisa zake zilipoteza kiasi cha asilimia 14. Mwezi wa Juni akaamuru kampuni ikatwe vipande viwili, amri ambayo mahakama ya rufani iliitangua mwaka 2001. Na soko zima la hisa za aina hiyo, Nasdaq, lilikuwa limekwisha kufika kileleni Machi 2000, juu ya 5,000. Oktoba 2002 lilikuwa karibu na 1,100.

Sasa kijana azingatie jambo hili. Katika miaka yote hiyo Windows haikupinduliwa katika kompyuta za mezani. Ilitawala vile vile. Hata hivyo hisa ya Microsoft iliyokuwa zaidi ya dola 116 mwisho wa 1999 ilikuwa chini ya dola 44 mwaka mmoja baadaye, wala haikukivuka kilele chake cha zamani mpaka mwaka 2016. Gawio la kwanza la faida lilitolewa mwaka 2003 tu. Intel, watengenezaji wa vipande vya ubongo wa kompyuta hizo, bei yao ya Agosti 2000 ilikuwa haijarudi hata baada ya miaka 20. Kwa nini? Kwa sababu mnunuzi wa 1999 hakununua utawala wa Windows peke yake. Alinunua pia matumaini ya watu wote waliomtangulia, na akayalipia ghali.

Mtoto aliyekuwa na miaka miwili mnunuzi yule alipotoa fedha zake, angekuwa amekwisha baleghe na kuidai haki yake kabla bei haijarudi. Hapo mwenye kushika amana angemjibu nini?

Hukumu ya hisa, ipi safi na ipi yenye shubha, ni mlango wa mashekhe, nasi hatuufungui hapa. Twasema haya tu: mafungu ya wadogo zako uyatenge leo, uyaandike mbele ya mashahidi wawili na mama yao ajue. Yasiingie katika shauri hili kabisa. Fungu lako ni lako. Ukitaka kununua, nunua kwa sehemu yake usiyoihitaji kwa miaka mingi, tena baada ya kutazama kampuni yachuma nini na bei yake ni mara ngapi ya pato hilo. Na rafiki yako umwulize yeye ametia kiasi gani, na alinunua lini na kwa bei gani. Akikujibu, tuandikie.