Miembe ya Makole Isikatwe, Ibebeshwe

Mwenye kiwanja Makole, jijini Dodoma, akichoshwa na mwembe wa kokwa unaozaa maembe madogo yenye nyuzi, wazo la kwanza huwa shoka: ukatwe, upandwe mche wa kisasa. Huo ni uamuzi wa hasara.

Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kwa wastani isiyofika milimita 600 kwa mwaka. Mche mpya, hata uliobebeshwa kitaluni, lazima umwagiliwe kiangazi chote, katika jiji linalotegemea sana visima vya Mzakwe na ambalo wakazi wake wameongezeka tangu Serikali ianze kuhamia mwaka 2016. Mwembe mkubwa umeshamaliza kazi hiyo ngumu. Mizizi yake imezama hadi kwenye unyevu.

Kilichobaki ni kuubebesha, yaani kuubadilisha aina. Shina hukatwa kwenye kimo cha mita moja hivi, likiachwa tawi moja la kuulisha mti, na gome hupakwa chokaa lisiungue kwa jua. Machipukizi yakitoka, huachwa machache yenye nguvu. Yakifikia unene wa penseli, fundi huchonga kikonyo cha aina bora pande mbili kama kabari, hukiingiza kwenye mpasuko wa chipukizi ganda likutane na ganda, hukifunga kwa utepe wa nailoni na kukivika kimfuko kisikauke. Chipukizi lolote linaloota chini ya kiungo huondolewa.

Miaka miwili au mitatu baadaye, mti uleule huanza kuzaa Kent au Keitt zenye asili ya Florida, au Apple ya pwani ya Kenya, ingawa Apple inahitaji uangalizi dhidi ya ubwiri unga.

Mbinu hii si ngeni nchini. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, waliitumia kuboresha mikorosho mizee katika miaka ya 1990. Wakulima wa korosho walinufaika nayo. Wenye miembe Dodoma nao wanastahili.

Kampeni ya Dodoma ya Kijani, iliyozinduliwa mwaka 2017, imehimiza kupanda miti. Sasa Halmashauri ya Jiji iwafundishe vijana wa kila kata kubebesha, na itunze miembe mama ya kutolea vikonyo vya uhakika. Na mwenye mwembe Makole, kabla hajashika shoka, amwite kwanza bwana shamba au bibi shamba wa kata yake.