Jina Kubwa Si Heshima

Vijana wengi wa shule za sekondari wanatamani uwakili, na tamaa hiyo si mbaya hata kidogo. Nchi isiyo na mawakili ni nchi ambayo mnyonge hana ulimi. Lakini ukimwuliza kijana wa leo sababu ya kuitamani kazi hiyo, aghalabu hasemi ya kuwa anataka kumtetea aliyeonewa. Husema anataka kuajiriwa katika ofisi kubwa yenye jina. Basi na tulichungue jina hilo pale lilipokulia, yaani katika ofisi kubwa za mawakili wa Marekani, na hasa za mji wa New York, kwani ofisi za miji mingine mingi huziiga.

Riziki ya ofisi hizo haitoki kwa mjane aliyenyang'anywa shamba. Inatoka kwa mabenki na makampuni: kampuni moja inapoinunua nyingine, au inapoishtaki nyingine, ofisi hizo huandika mikataba na kusimama mahakamani. Hapana shaka mawakili wake ni hodari. Swali langu ni moja tu: je, umaarufu wao ni heshima?

Wasifiao husema ya kuwa jina hilo limejengwa kwa akili na bidii peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakili Paul Cravath aliweka utaratibu uliokuja kufuatwa na ofisi nyingi: kuchagua wahitimu wenye alama bora kutoka vyuo bora vya sheria, kuwafunza kazi, kisha kuwapandisha wachache wawe wabia na kuwaaga waliobaki. Kwa maneno, utaratibu huo ni mizani ya haki. Kwa matendo, mizani ilikuwa na jiwe chini yake. Ruth Bader Ginsburg alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1959, akiwa ameshika nafasi ya kwanza pamoja na mwenzake. Hakuna ofisi hata moja ya New York iliyompa kazi. Alikuwa mwanamke, tena mama, tena Myahudi. Mwaka 1993 mtu huyo huyo aliapishwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Je, siku ile alipokataliwa, aliyepungukiwa na akili alikuwa nani?

Leo milango hiyo imefunguka zaidi, lakini tutazame yaliyomo ndani. Wakili huandika muda wake kwa vipande vya dakika sita sita, kwa kuwa kila kipande hudaiwa mteja. Wako wabia wanaotoza zaidi ya dola 2,000 kwa saa, maana yake dakika sita ni dola 200. Kijana aliyeajiriwa aghalabu hutarajiwa kutimiza karibu saa 2,000 za namna hiyo kila mwaka, na saa za kula, za kujisomea na za kumfariji mwenzake hazimo katika hesabu. Ni kweli, mshahara ni mnono: mwaka 2024 ofisi nyingi kubwa zilimlipa wakili wa mwaka wa kwanza dola 225,000, mbali na bahashishi. Lakini mkulima huuza mahindi akabakiwa na shamba. Kijana huyu huuza shamba lenyewe, maana umri ndio shamba la mtu.

Mwaka 1985 gazeti la The American Lawyer lilianza kuchapa orodha ya ofisi kubwa pamoja na faida inayomfikia kila mbia. Jirani akaujua mfuko wa jirani. Wabia wengi wakaanza kuziacha ofisi zilizowalea na kufuata penye zaidi. Ofisi ya Dewey & LeBoeuf, iliyopata kuwa na mawakili zaidi ya 1,000, iliwaahidi baadhi ya wabia wake malipo makubwa isiyoweza kuyatimiza, ikafilisika mwezi wa Mei, 2012. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja mwaka 2025. Rais Donald Trump alitoa amri za kuziadhibu ofisi kadhaa kwa sababu ya wateja waliotetewa nazo na watu walioajiriwa nazo. Ofisi ya Paul, Weiss ilipatana naye kwa siku chache tu, ikaahidi kazi za bure zenye thamani ya dola milioni 40 kwa mambo aliyoyakubali yeye. Nyingine zikafuata, hata ofisi tisa zikaahidi jumla ya karibu dola milioni 940. Lakini Perkins Coie, WilmerHale, Jenner & Block na Susman Godfrey zilikwenda mahakamani, na mwaka ule ule majaji wanne mbalimbali wakaamua ya kuwa amri dhidi yao zilivunja katiba.

Waliopatana walijitetea ya kuwa walikuwa na waajiriwa na wateja wa kulinda. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, kwani mwenye watoto wengi huogopa njaa. Lakini kazi ya wakili ni kusimama kati ya mwenye nguvu na asiye na nguvu. Wakili mwenye mali, elimu na jina akishindwa kujitetea mwenyewe mbele ya mahakama, mteja wake ana sababu gani ya kumtegemea? Na waliosimama hawakuwa na sheria nyingine. Walikuwa na vitabu vile vile.

Basi, enyi vijana, someni sheria kwa bidii, na ikiwa ofisi kubwa itawaita, nendeni mkajifunze. Lakini kabla ya kuuliza mshahara, ulizeni ofisi hiyo ilimtetea nani ilipokuwa hatari kumtetea.