AJENDA NI YA NANI?

Wananchi wa Kenya walipodai mfumo wa vyama vingi, walidai zaidi ya kura. Walidai haki ya kuweka mezani jambo ambalo wakubwa hawakutaka lizungumzwe. Mwaka 1982 Bunge liliingiza kifungu cha 2A katika Katiba na kuifanya KANU kuwa chama pekee. Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991. Hata baada ya hapo, hadi marekebisho ya mwaka 1997, mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya serikali. Leseni hiyo imekwisha. Lakini twauliza: katika vyama vyetu wenyewe, vya wenye nyumba na wakazi, hata katika kamati za makanisa na misikiti, ni nani atoaye leseni ya jambo kuzungumzwa?

Tuuchukue mtaa wa Kuze, hapa Mji wa Kale, Mombasa. Vichochoro ni vyembamba na nyumba zimeshikana. Maji machafu ya mmoja hupita mlangoni pa mwingine. Mambo kama haya hayamalizwi na mtu mmoja. Yahitaji chama, na chama chahitaji mkutano. Tuseme basi mama mmoja, mwanachama aliyelipa ada yake, ataka mkutano uamue kwamba fundi wa mitaro apatikane kwa zabuni ya wazi. Aingie kwa mlango gani?

Sheria ya Vyama, Sura ya 108, huagiza chama kilichosajiliwa kiitishe mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka. Katiba za vyama vingi zimenakiliwa kutoka mfano mmoja. Mfano huo wataja ajenda ya mkutano huo: kuthibitisha kumbukumbu, kuzingatia hesabu, kuchagua viongozi, kuteua wakaguzi wa hesabu; kisha mambo ambayo kamati itaamua, au ambayo mwanachama amempelekea katibu kwa maandishi wiki nne kabla ya mkutano; na mwisho, shughuli nyingine kwa idhini ya mwenyekiti.

Maneno hayo ni mazuri. Lakini mfano uo huo wasema kwamba ilani ya mkutano, pamoja na ajenda, itumwe siku zisizopungua 21 kabla. Hesabu hii haihitaji wakili. Wiki nne ni siku 28. Kamati ikingoja hadi siku ya 21, mama huyu atapata ilani yake wakati muda wa kupeleka hoja umekwisha kupita kwa siku 7. Limebaki dirisha la "shughuli nyingine", na ufunguo wake u mfukoni mwa mwenyekiti, jioni, watu wakitazama saa.

Hatusemi kila kamati ina hila. Wala hatutaki ajenda isiyo na mipaka. Kuamua jambo zito lisilotajwa katika ilani ni kumdhulumu mgonjwa, mzee na baharia ambao hawakuhudhuria kwa kuwa hawakujua. Ilani ni ngao ya asiyekuwapo. Tunachopinga ni ngao hiyo kugeuzwa kufuli.

Dawa yake ni nyepesi. Kwanza, tarehe ya mkutano itangazwe siku 42 kabla, hoja zipokewe hadi siku ya 28, na ajenda kamili itumwe siku ya 21. Pili, hoja iliyofika kwa wakati ipewe stakabadhi na katibu, na kamati isiwe na uwezo wa kuiondoa. Tatu, chini ya "shughuli nyingine" pasiamuliwe jambo la fedha wala la katiba.

Hadi marekebisho hayo yapitishwe, wanachama wasikae wakinung'unika vibarazani. Hoja yaweza kuandikwa leo, bila kungojea ilani. Tena mfano huo wawaruhusu wanachama, wakitimiza idadi iliyowekwa, kumwandikia katibu na kudai mkutano maalum, ambao hapana budi ufanyike ndani ya siku 21 na kujadili lile tu lililoandikwa.

Ndugu wasomaji, itafuteni katiba ya chama chenu na muisome juma hili, kifungu kwa kifungu. Tulipinga leseni ya mkuu wa wilaya. Tusiikubali ya jirani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi wa Mji wa Kale twajua gharama ya kuta.